Milango Miwili ya Buganda: Njia ya Karagwe na Hija ya Namugongo

Mtu atokaye Nyakisasa, katika wilaya ya Ngara, akikusudia kwenda kwa miguu hata Namugongo ili awepo katika sikukuu ya Mashahidi wa Uganda tarehe 3 Juni, ana safari isiyopungua kilomita 400 mbele yake, na kabla hajafunga mzigo wake hana budi kuamua atapita wapi. Njia iliyo ya kale kuliko zote, ile iliyokanyagwa na misafara ya watu wa pwani katika karne iliyopita kabla ya hii ya jana, iko upande wa mashariki yake, wala haiko mbali. Lakini hataweza kuifuata. Sehemu yake kubwa, kandokando ya ziwa Burigi, imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato iliyotangazwa katika mwaka wa 2019, na humo wenye ruhusa ya kwenda kwa miguu pasipo mlinzi ni nyati na pundamilia. Basi hujaji wa leo hana hiari: hushika barabara ya magari, Benaco, Karagwe, Kyaka, Mutukula, Masaka, hata Kampala.

Tofauti baina ya njia hizi mbili si jambo la ramani tu. Waandishi wengi wa habari za Mashahidi huanza kisa chao katika baraza la Kabaka Mwanga, kana kwamba dini, lugha na hofu zilizokutana humo zilichipuka pale pale penye uwanja wa ikulu. Mimi naona kwamba kisa huanza mbali zaidi, huku njiani, na kwamba mtu asiyejua Buganda iliingiwa kwa upande gani hatafahamu sawasawa kwa nini vijana wale waliuawa. Nchi ile ilikuwa na mlango uliotambuliwa na mlango uliokatazwa. Ule uliotambuliwa ulikuwa huu wetu wa Usui na Karagwe, pamoja na ule wa maji kutoka kusini mwa ziwa. Uliokatazwa ulikuwa wa mashariki, upande wa Busoga.

Tuanze na huu wetu. Jina la Usui lenyewe ni matamshi ya watu wa misafara. Wenyeji waliita nchi yao Rusubi au Busubi, nayo imo katika wilaya ya Biharamulo ya leo. Isichanganywe na Bushubi, iliyo nchi ya Nyakisasa na Rulenge, ijapokuwa majina yanakaribiana na nchi zenyewe ni jirani. Nimeona vitabu viwili au vitatu vilivyochanganya, na mwandishi wa kitabu cha pili bila shaka alimwamini wa kwanza. Watu wa pwani walikuwa na desturi ya kuondoa kiambishi cha wenyeji na kutia U- yao: Buha ikawa Uha, Bushubi ikawa Ushubi, Buganda ikawa Uganda. Jina hili la mwisho Waingereza walilichukua kama lilivyotamkwa na Waswahili wao, wakaliandika katika mikataba na ramani, na leo ni jina la dola huru. Mahujaji wanaosema wanakwenda kwa Mashahidi wa Uganda hutaja nchi kwa jina lililosafiri vinywani mwa wapagazi.

Msafara uliotoka Bagamoyo ulifika kwanza Kaze, yaani Tabora, katika nchi ya Unyanyembe. Hapo wafanya biashara walipumzika, wakaajiri wapagazi wapya, kisha waliotaka Karagwe na Buganda wakageuka kaskazini kupitia Uzinza na Usui. Mpagazi mmoja alichukua frasila mbili hivi, ndizo yapata kilo 30, mbali na mkeka wake, chungu chake na silaha yake. Mzigo ulikuwa merikani na kaniki, au shanga, au masango ya shaba. Katika kurudi ulikuwa pembe za ndovu, na mara nyingi nyuma ya pembe walikuwako watu waliofungwa. Kirangozi alitangulia na bendera na ngoma. Hakuna aliyepima mwendo kwa saa. Mzee mmoja wa Nyakisasa, nilipomwuliza watu wa zamani walikuwa wakienda maili ngapi kwa siku, alinijibu, “Mwanangu, maili zilikuja na Wazungu. Baba zetu walikwenda mpaka penye maji.” Mtu akisoma shajara za wasafiri wa wakati ule akaweka kambi zao juu ya ramani, ataona kwamba mzee yule alisema kweli. Siku moja ni fupi, siku ya pili ni ndefu mno, na sababu aghalabu ni kijito au kisima.

Penye maji palikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alidai hongo. John Hanning Speke aliondoka Kaze mwezi Machi 1861, asifike Karagwe mpaka mwezi Novemba, na katika miezi hiyo minane sehemu kubwa haikuwa mwendo bali kungoja. Katika Uzinza mtemi Lumeresi alimzuia akiwa mgonjwa, akamtoza nguo juu ya nguo. Alipoingia Usui mwezi Oktoba alikuta utaratibu mkali zaidi. Mtawala wa huko, Suwarora, alikuwa akitoza kwa wajumbe. Kila mjumbe na fungu lake, kila mkubwa wa kijiji na shanga zake. Naye mwenyewe hakukubali kumwona mgeni hata siku moja. Aliyekwenda na kurudi kupatanisha mambo hayo ni Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani angali mtoto, akapelekwa Bara Hindi, kisha akarudi Unguja akiwa mtu huru. Vitabu huita mwendo huu “safari ya Speke”. Lakini Speke alikwenda alikoongozwa, kwa njia iliyokuwa imekwisha kutumika kwa miaka mingi, na maneno yaliyofungua njia yalisemwa na Bombay kwa Kiswahili.

Speke aliandika juu ya hongo kama mtu aliyenyang’anywa. Wanafunzi wetu wengi wamerithi hasira hiyo bila ya kujiuliza. Yafaa kukumbuka kwamba serikali yake mwenyewe ilitoza ushuru katika kila bandari, na hakuna aliyeita jambo hilo unyang’anyi. Hongo ilikuwa na ukali wake, tena ilikuwa na watoza ushuru wadanganyifu kama ushuru wowote. Lakini maana yake ilikuwa wazi kwa aliyetoa na kwa aliyepokea. Aliyelipa alikuwa ametambuliwa. Jina lake lilipelekwa mbele, na mtawala wa nchi iliyofuata alijua nani anakuja, ana watu wangapi, na amechukua nini.

Karagwe ndiko mlango ulikokuwa na bawabu wa kweli. Mkama Rumanika, katika makao yake ya Bweranyange, aliwapokea Speke na mwenzake James Augustus Grant tarehe 25 Novemba 1861 kwa ukarimu ambao Speke hakuacha kuusifu, wala hakuwatoza kama walivyotozwa nyuma. Walakini hawakuruhusiwa kuendelea kwa hiari yao. Ilibidi habari ipelekwe kwa Kabaka Mutesa, na Mutesa atume mtu wake. Mtu huyo, Maula jina lake, alipofika na kikosi chake, ndipo Speke alipoondoka mwezi Januari 1862, akamwacha Grant nyuma kwa sababu ya kidonda cha mguu. Akavuka mto Kagera kwa mitumbwi, akafika penye makao ya Mutesa tarehe 19 Februari. Kwa hiyo mgeni aliyepita upande huu hakuwa mgeni kabisa alipofika barazani. Alikuwa amekwisha kupimwa na watawala watatu au wanne.

Mambo yaliyopita katika mlango huo hayakuwa nguo na shanga peke yake. Katika mwaka wa 1844 Ahmed bin Ibrahim, mfanya biashara wa Kiarabu, alifika kwa Kabaka Suna, baba wa Mutesa, na inasimuliwa kwamba alipoona watu wakiuawa ovyo alisimama akasema kuwa wao pia ni viumbe wa Mungu. Biashara iliendelea, kituo cha Kafuro katika Karagwe kikakua, na Uislamu ukafika ikulu. Mutesa alianza kufunga Ramadhani katika mwaka wa 1867. Yeye na watumishi wake walijifunza Kiarabu na Kiswahili. Kisha katika mwaka wa 1876 aliwageuka wale waliochukua dini kwa dhati kuliko alivyotaka: walikataa kula nyama iliyochinjwa na wachinjaji wa mfalme wasiotahiriwa, wakakataa pia kuswali nyuma ya mtu asiyetahiriwa. Makumi yao waliuawa, wengi kwa moto, na mahali palikuwa Namugongo. Jambo hili husahauliwa na mahujaji wengi, ijapokuwa msikiti uko pale wa kuwakumbusha. Kabla ya Mkristo mmoja kufa Namugongo, palikuwa pamekwisha kufa Waislamu, na imani iliyowaua iliingia nchini kwa njia ya Karagwe.

Wakristo walipofika walipenda zaidi mlango wa maji. Wamisionari wa Kianglikana walivuka ziwa kutoka Kagei katika mwaka wa 1877. Padre Siméon Lourdel na Bruda Amans, wa Mapadre Weupe, wakavuka vile vile wakafika tarehe 17 Februari 1879. Hata hivyo walikuta lugha ya njia yetu imekwisha kuwatangulia. Dallington Maftaa, kijana aliyelelewa katika misheni ya Unguja, ambaye Stanley alimwacha kwa Mutesa mwaka wa 1875, alikuwa akisoma na kuandika barazani miaka miwili kabla yao. Alexander Mackay alifundisha kwa Kiswahili kwanza, akitumia tafsiri za Askofu Edward Steere zilizofanywa Unguja, kwa kuwa maandiko ya Kiganda yalikuwa bado hayajakuwako. Vijana walioshika dini wakaitwa abasomi, na msomaji wa Kiswahili hahitaji kufasiriwa neno hilo. Nasema haya kwa kuwa wako watu, tena wasomi, wanaodhani kuwa Kiswahili katika Uganda ni lugha ya askari tu.

Sasa twende mashariki. Katika Buganda palikuwa na maneno yaliyoaminiwa na wakubwa kwamba watakaoivunja nchi watatoka upande wa Busoga, mawiyo ya jua. Chimbuko la maneno hayo lisitushughulishe sana. Hofu ilikuwa na msingi wake wa kawaida kabisa: upande wa kusini na wa magharibi walikuwako jirani wa kuzuia mgeni na kuleta habari, bali upande wa mashariki njia ya pwani ilikuwa fupi, ikipita katika nchi ya Wamasai, na mtu angeweza kutokea ghafula mlangoni pa ufalme. Joseph Thomson aliifungua njia hiyo kwa Wazungu katika mwaka wa 1883. Mwanga alirithi kiti mwezi Oktoba 1884, kijana asiyezidi miaka ishirini hivi, na katika mwaka uliofuata habari zikamfikia kwamba Wajerumani wanatwaa nchi za pwani na manowari zao zimetia nanga mbele ya Unguja.

Katika mwaka huo huo James Hannington, askofu mpya wa Kianglikana, aliamua kwenda Buganda kwa njia ya Wamasai. Uamuzi wake haukuwa wa kijinga. Alikuwa amejaribu njia ya kusini mara moja kabla ya hapo, akaugua kiasi cha kurudishwa nyumbani, na njia mpya ilikuwa fupi na yenye baridi. Aliondoka Rabai mwezi Julai 1885 na watu yapata 200. Alipofika kwa Sundu, mahali paitwapo Mumias leo, aliwaacha wengi wao chini ya William Jones, kasisi Mwafrika aliyekuwa mtumwa zamani, akaendelea na watu 50. Mackay na wenzake katika Buganda walijua hatari, lakini hawakuweza kumzuia kwa wakati. Tarehe 21 Oktoba alikamatwa katika Busoga kwa chifu Luba. Wajumbe walikwenda kwa Mwanga na kurudi. Tarehe 29 Oktoba aliuawa pamoja na karibu watu wake wote. Wachache mno walinusurika. Inasimuliwa kwamba aliwaambia waliomwua wamwambie mfalme kuwa ameinunua njia ya Buganda kwa uhai wake.

Msomaji aliyeandamana nasi katika Usui atasikia katika maneno hayo mlio wa hongo. Sijui kama askofu mwenyewe aliusikia. Njia hununuliwa, ndivyo kila mpagazi wake alivyojua. Lakini hununuliwa kwa mwenyewe, tena kabla ya kupita. Majina ya wale wapagazi waliokufa pamoja naye, Waswahili na watu wa bara, hayasomwi katika makanisa, na hilo ni deni ambalo historia yetu haijalipa.

Yaliyofuata ni yale yanayojulikana zaidi. Yosefu Mukasa Balikuddembe, mkubwa wa watumishi wa ikulu na Mkatoliki, alimlaumu mfalme kwa kumwua mgeni pasipo kumsikiliza. Aliuawa tarehe 15 Novemba 1885. Ni kweli kwamba damu haikuanza naye, kwa maana vijana watatu wa Kianglikana waliuawa mwezi Januari wa mwaka huo. Na ni kweli pia kwamba palikuwa na sababu nyingine: vijana walikataa matakwa ya mfalme juu ya miili yao, wakaonekana wana bwana mwingine kuliko yeye. Sitaki kuipunguza sababu hiyo, nayo ndiyo inayohubiriwa. Lakini tangu kifo cha Hannington, kila msomi ikulu alitazamwa kama mtu wa wale watakaotoka mashariki, na Balikuddembe aliuawa kwa neno alilosema juu ya mgeni aliyekosea mlango.

Tarehe 25 na 26 Mei 1886, katika Munyonyo kando ya ziwa, hukumu ilitolewa. Waliohukumiwa walifungwa kamba wakaenda kwa miguu mpaka Namugongo, na inasimuliwa kwamba desturi ya wauaji ilikuwa kumwua mtu penye njia panda. Ponsiano Ngondwe alifia njiani. Siku ya pili Atanasi Bazzekuketta aliuawa Nakivubo, na Gonzaga Gonza Lubaawo. Waliobaki waliwekwa siku saba wakingoja kuni zikusanywe. Tarehe 3 Juni zaidi ya vijana ishirini walichomwa, Wakatoliki na Waanglikana pamoja, na Karoli Lwanga akachomwa peke yake kando. Katika mauaji yote ya kati ya 1885 na 1887 Kanisa Katoliki linahesabu mashahidi 22, na Waanglikana 23.

Mwanga alifunga mlango wa mashariki kwa damu, wala haukufungika. Mwezi Desemba 1890 Kapteni Frederick Lugard aliingia Kampala na askari wake na bunduki yake ya mtombo, akitoka Busoga. Maneno ya wazee yalitimia katika muda wa miaka mitano. Wanahistoria wa kikoloni walimcheka Mwanga kwa kuamini ushirikina. Mimi ningemlaumu kwa mengi, lakini si kwa kukosea upande ambao adui angetokea. Kisha reli ikafika Kisumu katika mwaka wa 1901, na mizigo yote ya Uganda, kahawa, pamba na maaskofu, ikapita mlango uliokatazwa.

Njia ya Karagwe ikafa. Stanley aliipita mwezi Agosti 1889 akimrudisha Emin Pasha pwani, na ni kama alikuwa akiifunga nyuma yake. Mwaka uliofuata Waingereza na Wajerumani walikata mpaka kwa mstari ulionyoka magharibi ya ziwa, digrii moja kusini mwa ikweta, pasipo kujali njia wala mito. Ugonjwa wa sotoka uliua ng’ombe wa Karagwe na Usui katika miaka hiyo hiyo, ukafuatwa na ndui na njaa. Mahali palipokuwa malisho pakaota kichaka, kichaka kikaleta mbung’o, mbung’o wakaleta malale, na katika nchi nyingi za magharibi mwa Tanganyika serikali ya Kiingereza ikawahamisha watu na kuwakusanya pamoja ili kuwaepusha. Wanyama wakachukua mahali pa watu. Mtalii aendaye leo Burigi huambiwa kwamba anaona pori asilia. Pori lile lina umri wa miaka mia na kidogo, na chini ya nyasi zake kuna kambi za misafara.

Hija ilianza kukua wakati njia hii imekwisha kulala. Mashahidi wa Kikatoliki walitangazwa wenye heri mwaka wa 1920, wakatangazwa watakatifu na Papa Paulo VI tarehe 18 Oktoba 1964. Papa huyo alikwenda mwenyewe Namugongo mwaka wa 1969, wa kwanza katika mapapa wa siku hizi kukanyaga Afrika, na kanisa kubwa lenye umbo la msonge likatabarukiwa tarehe 3 Juni 1975, katika siku za utawala wa Idi Amin. Tangu hapo idadi ya wanaokwenda imezidi kila muongo. Waganda huwaita abalamazi, neno wanalolitumia pia kwa Mwislamu aendaye Makka. Wengi hutoka majimbo ya mbali ya Uganda yenyewe kwa mwendo wa majuma mawili na zaidi. Wengine hutoka Kenya, nao hupita Busia, hupita Busoga, huvuka Nile penye Jinja, wakiimba. Hakuna anayewauliza wametokea mlango gani.

Watanzania walio wengi huenda kwa basi, na hilo si la kushangaza kwa aliyeona urefu wa njia yao. Aidha Mkatoliki wa Ngara ana Kibeho katika Rwanda iliyo karibu zaidi, ambako habari za kutokewa na Bikira Maria, zilizoanza mwaka wa 1981, zilithibitishwa na askofu wa Gikongoro mwaka wa 2001. Na jimbo la Bukoba lina Nyakijoga yake. Hata hivyo wako wanaoshika njia kwa miguu, vikundi vidogo, wakilala katika parokia na katika nyumba za watu. Nchi wanayopita ina kumbukumbu za miendo mingine isiyokuwa ya hiari. Benaco, wanapogeuka kaskazini, ndipo palipokuwa kambi ya wakimbizi wa Rwanda, walipovuka daraja la Rusumo watu yapata 250,000 katika muda wa siku moja na kitu, tarehe 28 na 29 Aprili 1994. Mwezi Desemba 1996 waliamriwa kurudi, wakarudi vile vile kwa miguu, katika mvua. Kwa miaka mingi baada ya hapo magari ya barabara ya Benaco na Karagwe yalisindikizwa na polisi kwa sababu ya majambazi, na mwenye kwenda kwa miguu hakuwako kabisa. Kyaka, wanapovuka Kagera, ndipo penye daraja lililovunjwa na majeshi ya Amin mwezi Novemba 1978. Speke alivuka mto huu huu kwa mtumbwi.

Nimekwenda na kikundi kimoja cha watu tisa sehemu ya mwisho ya njia yao katika Tanzania, kutoka Kyaka hata Mutukula, kilomita kama 30. Nilikwenda kwa sababu ya utafiti, nao walijua, wakanivumilia. Kiongozi wao alikuwa mama wa makamo kutoka upande wa Rulenge. Alishika msalaba wa mti mbele, na niliona kwamba hakuwapumzisha watu kwa saa bali kwa mabomba na visima, naye alivijua vyote. Nilimwuliza, “Mama, nani alikufundisha vituo hivi?” Akasema, “Aliyenitangulia, Mwalimu. Na yeye alifundishwa na mwingine. Ukipita cha Bunazi bila kujaza kibuyu, utalia.” Kibuyu chake kilikuwa chupa ya plastiki ya lita tano.

Jioni tulifika mpakani. Mahujaji walipanga foleni dirishani na hati zao za kusafiria, wakalipa walichotakiwa kulipa, afisa mmoja akaandika majina yao, wangapi, wanatoka wapi, wanakwenda kwa nani. “Kwa Mashahidi,” akajibu yule mama kwa niaba ya wote. Afisa akagonga muhuri. Mimi niliagana nao hapo, wakaondoka kuelekea Kyotera kabla giza halijaingia, msalaba mbele, na mwenye chupa ya lita tano nyuma yake.